Mhasibu anasema faida ni 910,000. Mbona akaunti ina 41,000?

"Habari za kazi, mhasibu. Nina karakana ya kushona sare hapa Kariobangi, mafundi sita na mimi wa saba. Tunashona za shule, na tangu mwaka juzi tunashonea pia kampuni moja ya ulinzi. Mwaka uliopita niliuza za shilingi 6,400,000. Aliyenifungia hesabu akaniambia nimepata faida ya 910,000. Nilifurahi mpaka nilipoangalia salio: tarehe 31 Desemba, benki na M-Pesa kwa pamoja, nilikuwa na 41,000. Mwaka ulipoanza nilikuwa na 541,000! Mume wangu anasema lazima kuna mtu ananiibia, na anataka nimfukuze msichana wa kaunta. Jumamosi mbili za Desemba nimelipa mafundi kwa Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Watu wananiambia shida yangu ni mtiririko wa fedha, lakini hakuna anayenieleza ni kitu gani hasa. Na sasa ile kampuni ya ulinzi, ambayo oda yake ya Oktoba ilinilipa katikati ya Januari, inataka mara mbili ya ile: seti 500. Nikubali? Nimekutumia karatasi zote za hesabu."

Dada, usimfukuze msichana wa kaunta. Si leo, na si kwa ushahidi huu.

Nimezipitia karatasi zako. Umeuliza pesa zimeenda wapi na kama uipokee oda ya seti 500, lakini naona kinachokunyima usingizi ni jambo la tatu, kwamba huenda unaibiwa na mtu unayemwamini. Nianze na hilo, kwa kuwa ndilo linaloweza kuvuruga nyumba na kazi kwa mpigo mmoja. Zile 500,000 zilizopungua kati ya Januari na Desemba zinaonekana zote kwenye karatasi ulizonitumia. Tutazifuata moja baada ya nyingine, kisha nitakuambia ni wapi mwizi angeweza kujificha bila karatasi kumwonyesha.

Mtiririko wa fedha ni pesa zinazoingia kwenye biashara na zinazotoka, pamoja na siku zinapoingia na siku zinapotoka. Shikilia hizo siku. Faida hupimwa kwa mwaka mzima na haijali kama mteja alilipa Machi au atalipa Machi ijayo. Mishahara, kodi ya karakana na KRA, yaani mamlaka ya mapato, vinajali sana. Kama umekaa mtaa wenye mgao wa maji unalijua jambo hili tayari: ukizihesabu lita za wiki nzima zinakutosha, ila kama maji huja Alhamisi na tangi limekauka Jumatatu, Jumanne na Jumatano hufui nguo. Lita zako za mwaka uliopita zilitosha. Hazikuja siku ulizozihitaji, na nyingine hazijafika mpaka leo.

Tuingie kwenye namba. Aliyefunga hesabu alipoandika faida ya 910,000, alihesabu kila ankara uliyotoa, iliyolipwa na isiyolipwa. Hakukosea, ndivyo faida inavyohesabiwa. Lakini Januari wateja walikuwa na deni lako la 310,000, na Desemba likafika 1,020,000. Tofauti ni 710,000. Umeshazitolea ankara, lakini zimo kwenye akaunti za watu wengine.

Halafu stoki. Mwaka ulianza ukiwa na vitambaa na sare zilizoshonwa vya 280,000, ukaisha ukiwa na vya 690,000, kwa sababu ulijaza majora ya gabadini mapema ukisubiri msimu wa Januari. Kitambaa ambacho hakijauzwa hakihesabiwi kama gharama kwenye faida, kinaandikwa kama mali. Muuzaji wa Eastleigh, yeye, hakukupa jora kwa maneno. Hapo zimelala 410,000 nyingine.

Kuna vitu viwili vilivyokusaidia. Faida yako ilikatwa 120,000 za uchakavu wa mashine, na hizo hakuna aliyelipwa, ni hesabu ya karatasini tu, kwa hiyo tunazirudisha. Pia deni lako kwa wauza vitambaa lilipanda kutoka 150,000 hadi 380,000, maana yake umetumia 230,000 za watu. Sasa jumlisha: 910,000, ongeza 120,000, toa 710,000, toa 410,000, ongeza 230,000. Unabaki na 140,000. Hiyo ndiyo pesa taslimu ambayo kazi ya mwaka mzima ilikuletea mkononi, na kama ningekuwa mhasibu wako ningekutajia namba hii kabla ya ile ya 910,000.

Kutoka hapo ulinunua mashine ya kutarizi kwa 640,000. Sacco ilikukopesha 400,000 kati ya hizo, na ndani ya mwaka ukarejesha 160,000 za deni lenyewe. Hapa wengi hupotea, kwa hiyo soma polepole: riba ya mkopo inahesabiwa kama gharama na imeshapunguza faida yako, lakini kurejesha deni lenyewe hakuonekani popote kwenye faida. Mtu anaweza kupata faida nzuri na kuimaliza yote kwa kulipa mkopo, na karatasi ya faida isiseme lolote. Mwisho, ulitoa 240,000 za karo na matumizi ya nyumbani. Nazo hazimo kwenye faida, kwa sababu biashara ni yako na si mshahara.

Kwa hiyo 140,000 za kazi, toa 640,000 za mashine, ongeza 400,000 za sacco, toa 160,000 za marejesho, toa 240,000 za nyumbani. Jibu ni pungufu ya 500,000. Ulianza na 541,000. Umemaliza na 41,000, bila hata shilingi moja kuzidi au kupungua.

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi hulazimika kuchapisha karatasi ya namna hii kila mwaka, ikiwa na mafungu matatu: pesa za kazi yenyewe, pesa za kununua na kuuza mali kama mashine, na pesa za mikopo na wenye biashara. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachoitawala kinaitwa IAS 7. Mwambie anayekufungia hesabu akutayarishie hiyo kila mwezi. Kwa biashara ya ukubwa wako ni ukurasa mmoja.

Sasa turudi kwa mwizi. Hesabu kulingana hivi kunaonyesha kwamba hakuna pesa iliyotoka benki au M-Pesa bila maelezo. Hakuthibitishi kwamba hakuna anayeiba. Angekuwa anaiba kitambaa, au anauza sare kaunta bila kuandika, wizi huo ungeonekana kwenye faida yenyewe kuwa ndogo kuliko inavyostahili. Usingeonekana kama pengo kati ya faida na salio, ambalo ndilo linalomtia mume wako wasiwasi. Ila kuna milango miwili. Je, ile stoki ya 690,000 mliihesabu kwa mikono, jora kwa jora, au mlikadiria? Kama mlikadiria, hapo mwizi anaweza kujificha vizuri sana. Mlango wa pili ni orodha ya wadaiwa. Piga simu wewe mwenyewe, si msichana wa kaunta, uwaulize wateja watatu au wanne wenye madeni makubwa wanadhani wanadaiwa kiasi gani. Mmoja akisema "lakini nilishalipa keshi mwezi wa kumi na moja," una jambo la kufuatilia. Wote wakikubali deni, mwombe msichana radhi moyoni na uendelee.

Tuliache hilo tuangalie kwa nini mwaka ulikwenda hivyo, maana usipouelewa mtambo wenyewe, mwaka huu utajirudia. Chukua ile oda ya Oktoba peke yake. Seti 250 kwa 2,000 kila moja ni 500,000, pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, ankara ikawa 580,000. Kitambaa, vifungo na uzi vilikugharimu 260,000, na VAT yake ikafanya 301,600. Mafundi 105,000. Usafiri na kufungasha 20,000. Faida ya oda ni 115,000, na kwa kweli ni kazi nzuri, sikulaumu kuipenda.

Tazama tarehe sasa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ulilipa nusu ya kitambaa papo hapo na nusu nyingine kwa hundi ya siku 30. Kila Jumamosi mafundi walitaka chao. Tarehe 30 Oktoba ukapeleka mzigo na kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. Ukafika tarehe 20 Novemba, siku ya mwisho ya kulipa VAT ya Oktoba. Mteja alikuwa hajalipa hata senti, lakini KRA haingoji mteja alipe. VAT huanza kudaiwa pale bidhaa inapokabidhiwa, ankara inapotolewa au malipo yanapoingia, lolote litakalotangulia. Ulitoa VAT uliyolipia kitambaa, 41,600, kutoka kwenye 80,000, ukawalipa KRA 38,400 kutoka mfukoni mwako kwa ajili ya pesa ambazo hujaziona. Siku 60 za mteja ziliangukia kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati ofisi nyingi za uhasibu Nairobi zimefungwa, ndiyo maana pesa zikaja katikati ya Januari.

Jumlisha ulichokuwa umetoa kufikia hapo: 301,600, 105,000, 20,000 na 38,400. Ni 465,000. Ili kupata faida ya 115,000 ulilazimika kubeba hadi 465,000 za kwako kwa miezi zaidi ya miwili. Zile Jumamosi mbili za Fuliza zilitoka hapa.

Ukishaliona hilo utaona pia kwa nini ushauri unaotolewa sana mjini, wa "ongeza mauzo", unaweza kukumaliza. Biashara ya duka la rejareja inayouza kwa keshi na kununua kwa mkopo hukua na pesa zikiongezeka. Yako ni kinyume: unanunua kwa keshi, au karibu na keshi, na unauza kwa mkopo. Kila seti mpya unayoshona inavuta pesa nje kabla ya kuzirudisha. Mauzo yakipanda mara mbili chini ya masharti haya haya, pesa unazohitaji kubeba nazo zinapanda mara mbili, na hazitoki kwenye faida kwa sababu faida bado haijaingia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wenye heshima zao hunibishia. Wanasema, "Lakini ni kampuni kubwa, italipa tu." Nakumatt, yale maduka makubwa, ilikuwa kubwa kuliko mteja yeyote uliye naye, na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa madeni, iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama mnamo Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Wauzaji waliokuwa wamejaza rafu zake kwa mkopo walibaki na ankara mkononi. Katika deni lako la 1,020,000 la Desemba, 580,000 zilikuwa za mteja mmoja. Zaidi ya nusu. Amelipa, sawa, lakini mimi nisingelala vizuri hata angekuwa nani.

Cha kufanya? Nitaanza na kisicho na gharama. Mteja mkubwa huhesabu siku 60 tangu idara yake ya uhasibu ilipopokea ankara ikiwa na LPO (hati ya oda ya mnunuzi) na hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi. Siku uliyoshusha mzigo kwake haihesabiwi. Ankara ikikaa kwenye meza ya mtu wa stoo wiki mbili, wiki hizo ni zako. Peleka karatasi zote siku moja na mzigo, upigiwe muhuri kwenye nakala yako, na uulize waziwazi huwa wanalipa siku gani za mwezi. Ofisi nyingi hulipa kwa mafungu, mara moja au mbili kwa mwezi, na ukikosa fungu kwa siku moja unangoja lijalo. Muulize pia kama wameteuliwa na KRA kuzuia VAT ya asilimia 2 ya bei, maana kwenye oda ya 500,000 utapokea 10,000 pungufu. Hazijapotea, zinahesabiwa upande wako kwenye VAT, lakini usizipangie matumizi.

Kwa upande wa shule na wazazi, nakushangaa kidogo: kwa nini unawashonea bila amana? Mzazi wa mtoto anayeingia Gredi ya 10 amezoea kulipa kitu kabla ya kupimwa. Omba nusu. Shule ikisisitiza mkopo, basi iwe na tarehe, iwe kwenye karatasi.

Wauza vitambaa wako wa Eastleigh na Biashara Street tayari wanakupa siku 30 kwa nusu. Kwa historia yako ya malipo unaweza kuomba siku 45, au siku 30 kwa mzigo wote. Hapa nakuonya kuhusu hundi za tarehe ya mbele. Hundi ikirudishwa na benki ni aibu. Usiandike tarehe kwa matumaini. Iandike baada ya kuangalia kalenda nitakayokueleza hapa chini.

Unaweza pia kuwapa wateja punguzo wakilipa mapema. Tuseme asilimia 2 wakilipa ndani ya siku 10 badala ya 60. Kwenye 500,000 ni 10,000, unaweza kuona ni nyingi. Ukiipiga hesabu ya mwaka mzima, unalipia siku 50 kwa gharama ya kama asilimia 15 kwa mwaka. Linganisha na mikopo ya simu inayotoza asilimia kadhaa kwa mwezi mmoja, utaona punguzo ni la bei nafuu. Ila usilitoe kwa mteja ambaye angelipa mapema hata bila hilo.

Mikopo yenyewe? Siipingi, ila kila mkopo uwe na kazi yake. Pengo la wiki mbili kati ya mishahara na malipo yanayojulikana, mkopo wa muda mfupi ni sawa. Fuliza kwa siku moja au mbili haina neno, lakini hutoza ada kila siku deni linapobaki, na mshahara wa mafundi si deni la siku mbili ikiwa mteja atalipa baada ya mwezi. Benki na sacco kadhaa hukopesha kwa LPO au hununua ankara yako: wanakupa sehemu ya thamani yake leo, wanapata malipo mteja anapolipa. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017, madeni unayowadai wateja yanaweza kusajiliwa kama dhamana, huhitaji hati ya shamba. Kabla ya kutia sahihi uliza swali moja: mteja asipolipa, benki inanidai mimi? Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Mashine ya kutarizi uliinunua vibaya. Itakufanyia kazi miaka mingi, lakini umetoa 240,000 taslimu kwa mpigo na kulipa mkopo wa sacco haraka, katika mwaka ambao wadaiwa walikuwa wanapanda. Kitu cha miaka mingi kilipiwe polepole, pesa za karibu zibaki kununua kitambaa na kulipa mafundi. Uliza sacco kama wanaweza kurefusha muda wa salio la 240,000. Utalipa riba zaidi, lakini utapumua.

Na VAT: mteja akilipa, hamisha sehemu yake siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya pembeni. Sio mapato yako, umeishika tu. Kwa mauzo ya 6,400,000 umeshapita kiwango cha milioni 5 kinachokulazimu kusajiliwa, kwa hiyo huwezi kuikwepa. Ukichelewa kulipa kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na ukichelewa kuwasilisha hesabu zenyewe adhabu ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Nyumbani nako jiwekee kiasi maalum, kila mwezi, tarehe moja. Karo ya ghafla kutoka kwenye pesa za kitambaa imeangusha karakana nyingi hapa mjini kuliko wezi wa kaunta.

Kati ya yote haya, ukifanya moja tu, fanya kalenda ya wiki 13. Chukua daftari la kawaida. Kila wiki iwe na safu yake. Juu kabisa andika pesa ulizonazo kweli leo, benki na M-Pesa. Chini yake, pesa zitakazoingia wiki hiyo, na uwe mkali: andika ankara kwenye wiki ambayo mteja huwa analipa kweli, si wiki aliyoahidi. Halafu zinazotoka. Jumamosi zote za mafundi. Kodi ya karakana. Tarehe 9, makato ya wafanyakazi walioajiriwa: PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ushuru wa nyumba. Tarehe 20, VAT, na katika miezi ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kodi ya mapato ya awamu kama inakuhusu. Siku ya sacco. Siku ambayo hundi ya kitambaa itapelekwa benki. Toa, upate salio la mwisho wa wiki, ulibebe wiki inayofuata.

Wiki ya sita au ya saba utaona salio limeingia chini ya sifuri. Usiogope, ndiyo kazi ya daftari. Umeona wiki sita kabla, wakati muuzaji wa kitambaa bado anakusikiliza na benki haijaona kwamba una haraka. Desemba uliona Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni kilichobaki ni mkopo wa simu. Kila Jumatatu futa wiki iliyopita, andika ilivyotokea kweli, uongeze wiki mpya mwishoni. Baada ya miezi mitatu utawajua wateja wako kuliko wanavyojijua.

Kuna mambo ambayo daftari haliwezi, na hapo tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Kama wadaiwa hawaongezeki, stoki haiongezeki, na bado kazi yenyewe inakula pesa mwezi baada ya mwezi, tatizo lako halihusu tarehe tena. Bei zako ziko chini ya gharama, na hapo unahitaji mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, akupitie seti kwa seti. Ukijikuta unalipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine wa simu, nenda wiki hiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Ukiwa na deni la KRA usilolimudu, nenda ofisini kwao uombe kulipa kwa awamu kabla hawajaanza kukufuata. Wanakubali zaidi kwa anayekuja mwenyewe. Na mteja akivuka siku 90 bila sababu, mwandikie barua ya madai. Asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Kama ni mnunuzi mkubwa anayekuchelewesha kwa makusudi, Sheria ya Ushindani inaipa Mamlaka ya Ushindani uwezo wa kuchunguza hilo pia.

Sasa seti 500. Kwa masharti ya Oktoba utahitaji kubeba hadi 930,000 kwa miezi miwili na nusu, na pesa hizo huna. Kwa masharti hayo, kataa. Lakini usiwakatae wao, jibu kwa masharti mengine. Waombe amana ya asilimia 40 ya ankara yote, yaani 464,000, na uwapelekee kwa mafungu mawili ya seti 250, kila fungu na ankara yake, lilipwe kwa siku 30. Kitambaa, mafundi na usafiri wa fungu la kwanza ni 426,600, kwa hiyo amana inalibeba lote. Kumbuka tu kwamba VAT ya amana yenyewe inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hujashona kitu. Usianze fungu la pili kabla ya salio la fungu la kwanza kuingia. Kwa hesabu yangu, hapo utapungukiwa na kama 112,000, na siku 30 za muuzaji wako wa kitambaa kwa nusu ya mzigo zinatosha kuziba.

Wakikataa amana, wape fungu la seti 250 kwa siku 30 na punguzo kidogo. Wakikataa na hilo, hiyo oda ina faida kwenye karatasi tu, waachie mwingine mwenye mtaji wa kubeba. Kwa vyovyote, majibu yao yawe kwa maandishi kabla hujapanda matatu ya Eastleigh kununua jora la kwanza.